Tawi Lipimwe Kabla Liguse Shina

Mtu yeyote ameishi Kakuma anajua hii kitu. Unaamka, jua liko juu kama kawaida, hakujanyesha hata tone, halafu mchana unasikia watu wakiambiana Tarach imejaa. Mvua ilinyesha huko juu mahali hauoni. Vilaga vidogo vikaingia kwa kubwa, kubwa ikakujia. Ukisimama pale ukingoni ukiangalia yale maji ya matope, huwezi sema ni kilaga gani kilileta hiki kigogo na kipi kilibeba ile mbuzi. Maji yameshaungana.

Wasee, leo nataka tuongee historia ya kitu ambacho madevelopa hufanya kila siku na karibu hakuna mtu hutuambia kilitoka wapi: kupima kila tawi la programu kabla halijaingia kwa shina. Najua inakaa stori ya kulaza mtu. Nivumilie tu. Hii stori inagusa uchaguzi wa Kenya, inagusa dawa ya mtoto kwa kliniki, na inagusa swali la nani ana ruhusa ya kusema programu iko sawa.

Tuanze na maneno. Programu ni maandishi. Ni mistari elfu kadhaa, saa zingine mamilioni, ya maagizo tunayoita msimbo. Watu wengi wakijenga programu moja, hawawezi wote kuingiza mikono kwa nakala moja wakati mmoja. Kwa hivyo unachukua nakala yako, unafanya vitu vyako pembeni. Hiyo yako ni tawi. Ile kuu ya wote ni shina. Ukimaliza, unaomba tawi lako liunganishwe na shina. Fujo yote ya hii historia iko kwa hilo neno moja, kuunganisha.

Zamani kuunganisha ilikuwa msiba. Timu zilikuwa zinaandika kila mtu kivyake miezi mingi, halafu mwishoni ndio wanaleta vipande pamoja. Martin Fowler, mwandishi mkubwa wa mambo ya programu, anasimulia vile alitembelea kampuni moja kubwa ya elektroniki Uingereza akiwa kijana. Akaonyeshwa mradi uliokuwa umeandikwa karibu miaka miwili. Kazi ya kuunganisha ilikuwa imeanza, imechukua miezi kadhaa tayari, na hakuna mtu alijua itaisha lini. Hebu fikiria hiyo. Kazi imeisha lakini haijaisha, na hakuna mtu anaweza kukuambia shida iko wapi, juu vilaga vyote vimeingia siku moja.

Miaka ya 1990, Microsoft na wengine walikuwa wanajenga programu nzima kila siku na kuiwasha waone kama inatoa moshi. Hilo neno la moshi lilitoka kwa mafundi wa umeme: ukiwasha kifaa kipya na kisitoe moshi, umevuka mtihani wa kwanza. Na sasa mskize hii. Mwaka wa 1996 Steve McConnell aliandika kwamba kwa miradi fulani, mtu aliyeharibu ujenzi wa siku hiyo alikuwa anavalishwa pembe za mbuzi, ama anatoa dola 5 za kuchangamsha wenzake. Pembe za mbuzi, kwa ofisi. Sisi huku mbuzi ni mali, huko ilikuwa adhabu.

Cheka lakini uone shida iko wapi. Pembe unavalishwa baada ya kuharibu. Adhabu inakupata wewe, lakini timu yote imeshapoteza siku.

Jina lenyewe, kuunganisha mfululizo, ambalo wengi wanalijua kwa kifupi kama CI, lilitumiwa na Grady Booch mwaka wa 1991. Kent Beck na wenzake, wakifanya mradi wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler kuanzia 1996, wakalisukuma mpaka mwisho: kama kuunganisha kunauma, basi fanya mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo, na kila mara vipimo viendeshwe. Mwaka wa 2000 Fowler na Matthew Foemmel wakaandika makala iliyoeneza hiyo njia. Mwaka wa 2001 ikatoka CruiseControl, programu ya kukaa kwa seva ikiangalia shina. Shina likibadilika, inajenga, inapima, inatangaza.

Halafu akaja Kohsuke Kawaguchi, Mjapani aliyekuwa anafanya kazi Sun Microsystems. Yeye mwenyewe alisema alikuwa mmoja wa wale wa kuharibu ujenzi. Akachoka kuwa yule jamaa. Mwaka wa 2004 akaanza kuandika mashine ya kumshika kabla wenzake wamshike, akaiita Hudson. Oracle ikanunua Sun, ugomvi wa jina ukazuka, na mwaka wa 2011 jamii ya watumiaji ikahama na jina jipya, Jenkins. Mpaka leo kuna makampuni mengi yanasimama juu ya Jenkins. Kazi hiyo yote ilianza kwa aibu ya msee mmoja. Mimi hiyo hunipa moyo.

Lakini hizo mashine za kwanza kazi yao kubwa ilikuwa kulinda shina, yaani zinakuambia maji yameharibika wakati yameshafika kwako. Kupima tawi moja moja kulihitaji kitu kingine: matawi yawe rahisi. Aprili 2005 Linus Torvalds, yule wa Linux, aliandika Git, na kutengeneza tawi ikawa kazi ya sekunde. 2008 ikaja GitHub. 2011 ikaja Travis CI kutoka Berlin, bure kwa miradi ya wazi. Mwaka wa 2012 GitHub ikafungua njia ya mashine za nje kuweka alama kando ya mabadiliko yako: kijani umepita, nyekundu umeanguka. 2015 ikaongeza kufuli: mwenye mradi anaweza kusema shina halipokei tawi lolote kama vipimo havijapita.

Hapo ndio swali lilibadilika. Zamani ilikuwa, "Nani ameharibu?" Sasa ikawa, "Hii iko tayari kuingia?" Swali la kwanza linatafuta mtu wa kuvalishwa pembe. La pili linaangalia kazi yenyewe.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hii historia iko na mizizi hata huku kwetu.

Mwaka wa 2001, kwa kituo cha afya cha Mosoriot kule Nandi, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, umejengwa kwa Microsoft Access. Kisha mpango wa AMPATH wa Eldoret ukaanza kutibu wagonjwa wengi wa UKIMWI, na ule mfumo mdogo haungeweza kubeba. Mwaka wa 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret kusaidia. Kutoka hapo ikazaliwa OpenMRS. Ilianza kutumika Eldoret Februari 2006, halafu Rwanda na Afrika Kusini mwaka huo huo. Ni mradi wa wazi, mtu yeyote anaweza kusoma msimbo wake na kupendekeza mabadiliko. KenyaEMR, ambayo inatumika kwa vituo vingi vya afya Kenya, imejengwa juu yake. UgandaEMR pia.

Fikiria hilo shina. Anayeandika tawi anaweza kuwa Kampala, Nairobi, Colombo ama Boston. Hawajuani. Hawajawahi kunywa chai pamoja. Na mwisho wa mto kuna mama kwa benchi la kliniki anangoja dawa ya mtoto. Utaamini aje tawi la mtu hujawahi kuona? OpenMRS kwa miaka mingi imekuwa na seva yake ya kujenga na kupima, na kila pendekezo linalokuja linapitia vipimo. Huko, imani kati ya watu wasiojuana imetengenezwa na vipimo.

Nitoe mfano wa kutunga ndio tuelewane. Uliza watu Kakuma siku yao ya kuzaliwa. Wengi watakuambia 1 Januari. Si ati kambi nzima ilizaliwa siku moja. Mtu alifika mpakani bila karatasi, akakumbuka mwaka, afisa akajaza siku. Huku kwa Waturkana pia kuna wazee wanakuambia walizaliwa wakati wa ukame fulani, na hiyo ndio tarehe yao. OpenMRS inajua hiyo maisha. Ndani yake kuna mahali pa kuweka alama kwamba hii tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria. Mimi nikiona hiyo alama najua kuna mtu alikaa na watu kama sisi kabla ya kuandika msimbo.

Sasa developa wa kwanza anaandika tawi la kuhesabu dawa ya mtoto kulingana na umri. Anachukulia kila mtu ana tarehe, hata kama ni ya kukadiria. Anapima, kijani. Developa wa pili, nchi nyingine, anaona kukadiria si uaminifu. Anaandika tawi linalosema kama haujui tarehe, acha wazi. Anapima, kijani. Kila mtu yuko sawa kwake. Unganisha hayo matawi mawili: hesabu ya dawa inatafuta tarehe, inapata hewa. Labda programu inazima. Ama inakuja na jibu la uongo, na hiyo ndio mbaya kabisa.

Kwa hivyo kupima tawi peke yake haitoshi. Graydon Hoare, aliyeanzisha lugha ya Rust, aliandika mwaka wa 2014 kuhusu kanuni ambayo mradi wao ulifuata. Roboti inachukua tawi lako, inaliunganisha na shina la sasa pembeni, inapima huo mchanganyiko, na ukipita, huo huo ndio unakuwa shina jipya. Tawi linalofuata linapimwa na hilo shina jipya. Wanapanga foleni, moja baada ya lingine. Kwa lugha ya huku: usipime kilaga peke yake, chota ndoo ya kilaga, changanya na ndoo ya mto, uone.

Na tusipofanya hivyo inakuwaje? Hiyo Wakenya tuliona kwa televisheni.

Uchaguzi wa 4 Machi 2013. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka wazee wamezunguka redio. Matokeo yalikuwa yatumwe kwa mtandao kutoka vituoni. Kwanza, vifaa vya kutambua wapiga kura vikaishiwa na chaji sehemu nyingi, kwa sababu vituo ni madarasa na madarasa mengi hayakuwa na umeme. Mfumo wa kutuma matokeo nao ukalemewa, hesabu ikarudi kwa karatasi pale Bomas. Lakini kitu kilichowasha moto ni kura zilizokataliwa. Kwa skrini ya taifa zilikuwa zimepita 300,000. Watu wakauliza, kwani Wakenya wamesahau kupiga kura? Baadaye mwenyekiti wa IEBC, Issack Hassan, akaeleza kwamba kulikuwa na hitilafu kwa programu. Ilikuwa inazidisha kura zilizokataliwa mara nane.

Mara nane, wasee. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975.

Mnaweza kusema, si ilirekebishwa? Angalia namba vizuri. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi tarehe 9 Machi kwa kura 6,173,433, asilimia 50.07 ya kura zote zilizopigwa. Alivuka nusu kwa kura kama 8,400. Sasa chukua kura halali zote, 12,221,053, ongeza 300,000 za kukataliwa badala ya 108,975. Huyo huyo anashuka mpaka asilimia 49.3, na Kenya inarudi kupiga kura mara ya pili. Mahakama ya Juu ilikuja kusema tarehe 30 Machi kwamba kura zilizokataliwa hazifai kuhesabiwa kwa asilimia. Lakini hizo siku za kungoja, nchi iliyokuwa imezikana mwaka wa 2008 ilikaa ikiangalia namba ambayo ilitengenezwa na hitilafu.

Sisemi mtu aliiba. Nasema hivi: kipimo cha kukamata hiyo hitilafu ni kifupi kuliko hii aya. Ingiza kura 10 zilizokataliwa. Hakikisha zinatoka 10. Zikitoka 80, nyekundu, hakuna kuingia. Hicho kipimo kinaweza kuendeshwa elfu mara usiku mmoja na mashine ambayo haichoki na haina chama. Sisi tulipima mbele ya taifa lote, siku ya uchaguzi. Tuliwasha tukangoja moshi, na moshi ukatoka.

Sasa nirudi kwa yangu, kidogo tu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Huku kwetu hiyo inamaanisha milango mingi inafungwa kabla hujafungua mdomo. Leta cheti, leta barua, nani anakujua. Mara ya kwanza nilituma tawi langu kwa mradi wa wazi nilikuwa Lodwar na laptopu ya mtumba, bando ikiwa imebaki ya kuhesabu. Nikangoja. Nyekundu. Nikasoma nikaona nimesahau kitu kidogo, nikarekebisha, nikatuma tena. Kijani. Mtu wa mbali akaangalia, akauliza swali moja kuhusu kazi, akaunganisha. Hakuna aliuliza digrii.

Na kuna kitu hapo ambacho msee wa Westlands hawezi ona haraka. Vipimo vikubwa vinataka kompyuta yenye nguvu na kushusha mamia ya megabaiti za vipande vya programu zingine. Kwa laptopu yangu hiyo ni siku nzima na bando ya wiki. Lakini CI inaendeshwa kwa seva yao. Mimi natuma mistari yangu michache, kilobaiti tu, kazi nzito inafanyika huko. Hiyo njia iliandikwa na watu waliochoka kuchekwa ofisini, na ikatokea kuwa mlango kwa mtu wa mbali.

Kakuma ilifunguliwa 1992. Kuna watu wamezaliwa hapo, wamesoma hapo, wamekuwa wazazi hapo, na kibali cha kazi bado ni vita. Kilomita kama 120 kutoka hapo, Lodwar, tuko na kitambulisho na kazi bado ni hadithi. Tangu 2015 Learning Lions wamekuwa wakifundisha vijana wa Turkana kazi za kompyuta, na 2021 ikakamilika kampasi kando ya ziwa, iliyochorwa na Francis Kéré wa Burkina Faso, yenye minara ya kupitisha hewa iliyoiga vichuguu vya mchwa. Vijana wa kuandika msimbo wako. Kijani na nyekundu haziulizi una kitambulisho cha rangi gani.

Lakini nisiwauzie ndoto. Kwanza, bure inaweza kuisha. Novemba 2020 Travis CI ilibadilisha bei na ile bure isiyo na kipimo ya miradi ya wazi ikaisha. Miradi mingi ikahama. Ukijenga maisha yako juu ya seva ya mtu, jua ni ya mtu.

Pili, na hii ndio nataka mbebe: kijani haimaanishi ukweli. Kijani inamaanisha umepita maswali ambayo mtu fulani aliuliza. Kama hakuna aliyeuliza, "Na mtu mwenye jina moja tu?", fomu itakataa jina moja na mashine itasema kila kitu kiko sawa. Kama hakuna aliyeuliza, "Na mahali mtandao unapotea siku tatu?", rekodi zitapotea na alama itabaki kijani. Mashine haina ubaguzi wake, lakini inarithi upofu wa aliyeandika kipimo.

Wengi wetu tukijifunza tunakimbilia vitu vya kuonekana, kurasa za kupendeza, rangi, vitu vya kuonyesha mabeshte. Kuandika vipimo tunaona ni kazi ya chini. Mimi naona ni kiti cha hakimu. Aliyeweka ile alama ya tarehe ya kukadiria kwa OpenMRS alifanya mzee asiye na cheti awe mtu kamili ndani ya mashine. Mwingine akija kesho na tawi la kuifuta, kipimo ndicho kitamsimamisha mlangoni, hata kama sisi wote tumelala.

Kwa hivyo ukitafuta pa kuanzia, usianze na programu mpya ya kubadilisha dunia. Tafuta mradi wa wazi unaotumika huku kwetu, wa afya, wa shule, wa maji. Soma vipimo vyake. Uliza ni mtu gani wa Turkana ama wa Kakuma angeanguka hapo na mashine isione. Bibi yako mwenye jina moja. Jirani wa 1 Januari. Kisha fungua tawi, uandike kipimo kimoja kinachomtaja. Kitakuwa nyekundu kwanza. Iwe nyekundu, hiyo ndio mara ya kwanza ile programu imemwona.